Nguzo Ashusha Nyuzi

Kwenye bendi walimwita Nguzo, na jina hilo hakulipata kwa unene. Kwa miaka ishirini na mitatu mwanamke huyu alipiga gitaa la besi bila kuyumba. Waimbaji walikosea, mpiga ngoma alipitiwa, yeye akabaki palepale akiwashikilia mpaka wajirudi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ufundi cherehani, katika chumba chenye mashine mbili na meza ndefu ya kukatia.

Jumatatu ile mazoezini, siku tano kabla ya tamasha la ukumbi mpya, Nguzo aliyumba. Walikuwa kwenye dakika ya tano ya wimbo wao mrefu kuliko zote, wa dakika kumi na nne, mkono wake wa kushoto ulipokakamaa kama uliofungwa kamba. Vidole vikakataa kubonyeza. Besi ikanyamaza, na wimbo mzima ukaporomoka.

Kiongozi wa bendi alikuwa mume wa mdogo wake, mtu mpole asiyejua kusema jambo gumu bila kuzunguka. Alikohoa, akafuta gitaa lake la solo ambalo halikuwa hata na vumbi.

"Shemeji, pole. Lakini mkono huo haujaanza leo kukusumbua."

"Najua."

"Uzee haubishi hodi. Nimeongea na jamaa mmoja, mpiga besi wa kukodi. Ijumaa atakuja mazoezini. Si kwamba tunakutupa..."

"Malizia tu, shemeji. Mnaniweka kabatini."

Mdogo wake, ambaye ndiye mwimbaji mkuu wa bendi, aliangalia chini. Hilo lilimuuma Nguzo kuliko maneno yenyewe.

Siku mbili aliamini. Miaka hamsini na minne si mchezo, alijiambia. Lakini Jumatano alikuwa anashona turubai la lori, kitambaa kizito kinachotaka kukunjwa na kubanwa kwa mkono wa kushoto ndipo kiingie chini ya sindano. Alianza asubuhi, akamaliza alasiri. Alipokata uzi wa mwisho, akavitazama vidole vyake. Havikuuma hata kidogo.

"Ala!" alisema peke yake. "Vidole vinavyokunja turubai kutwa nzima, vishindwe na nyuzi nne?"

Mashine ikimgomea, Nguzo hakuwa mtu wa kulaumu mguu wake. Alifungua kifuniko akatazama. Basi akaileta besi kutoka nyumbani, akailaza juu ya meza ya kukatia, akainama mpaka macho yakawa sawa na nyuzi. Zilikuwa juu mno. Katikati ya shingo ya gitaa, vifungo viwili vya koti vilivyobebana vingepita chini yake bila kugusa. Zilikuwa zimepanda polepole, mwaka baada ya mwaka, na mkono wake ukazoea kuteseka kimyakimya.

Kwenye daraja, kile chuma cha mwisho wa gitaa kinachoshika nyuzi, kila uzi ulikalia kiti kidogo cha chuma chenye skrubu mbili za kukipandisha na kukishusha. Akavishusha vyote vinne, akapiga. Besi ikalia kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo, nyuzi zikigonga vyuma vya shingoni.

Mdogo wake, aliyekuwa amepita kumjulia hali, akaziba masikio mlangoni. "Dada, bora ilipokuwa inakuumiza."

"Umekuja kunipa pole au kunicheka?"

"Vyote viwili."

"Basi fanya na kazi. Njoo ushike hapa."

Nguzo akabonyeza uzi mnene mwanzoni mwa shingo, mdogo wake akaubonyeza mwishoni. Uzi uliobanwa hivyo hunyooka kama rula. Wakachungulia katikati. Uzi ulinyooka; shingo ndiyo iliyokuwa imebonyea kama kitanda cha zamani.

Ndani ya shingo ya besi hupita fimbo ya chuma ya kuinyoosha, na nati yake ilikuwa kichwani mwa gitaa, chini ya kifuniko kidogo. Tangu ainunue besi ile Nguzo alionywa asiiguse: ukikosea, umevunja shingo. Akafungua kifuniko. Akalegeza nyuzi, akatia ufunguo wa nati, akashusha pumzi, akazungusha robo tu. Mbao ikalia.

"Mama wee!" mdogo wake akaruka.

Hakuna kilichovunjika. Wakakaza nyuzi, wakapima. Akazungusha kidogo tena, wakapima tena. Mara ya tatu pengo lilikuwa jembamba, likipitisha kile kipande kigumu cha kutia kwenye kola na si zaidi. Akarudi darajani, akainua kiti kimoja kimoja kwa nusu mzunguko, akipiga na kusikiliza, mpaka nzi akanyamaza na nyuzi zikabaki chini. Akabonyeza. Uzi ukashuka kwa mguso tu. Nguzo akacheka kwa sauti, akamkumbatia mdogo wake pamoja na besi.

Ijumaa mazoezini alimkuta mpigaji wa kukodi ameshaketi.

"Shemeji, naomba wimbo mmoja," Nguzo alisema akichomeka waya. "Ule mrefu. Nikishindwa, huyu bwana nitambebea begi lake."

Dakika ya tano, ile iliyomwangusha, ikapita. Ya kumi ikapita. Hapo mpiga ngoma, mtani wake wa miaka yote, akaongeza kasi ili amjaribu. Nguzo akamfuata. Akaongeza tena, Nguzo akamfikia, akaanza kumvuta yeye. Jasho likamtiririka mpiga ngoma, akatupa vijiti.

"Basi! Nimekubali! Nina watoto wanaonitegemea!"

Mpigaji wa kukodi akaomba kuishika besi. Akapitisha vidole juu hadi chini, uso ukabadilika.

"Fundi wako nani?"

"Unamtazama."

"Jumatatu nakuletea gitaa langu." Akamgeukia kiongozi. "Bwana, mmeniita msibani, kumbe maiti anacheza."

Shemeji akasogea, safari hii bila kuzunguka. "Shemeji, nimekukosea."

"Umenikosea, ndiyo. Kesho nipe dakika mbili za besi peke yake."

"Chukua tatu."

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Katikati ya wimbo mrefu vyombo vyote vikanyamaza, Nguzo akasogea mbele. Alianza chini kabisa, taratibu, kisha vidole vikapanda shingo nzima mbio, vikashuka, vikapanda tena. Watu wa viti vya nyuma wakasimama kwanza, wa mbele wakafuata. Dakika tatu zikaisha. Ya nne ikaanza. Shemeji akainua mkono kumwonyesha kwamba muda umekwisha, akamtazama usoni, akaushusha, akaanza kupiga makofi pamoja na ukumbi.