Kidole cha Bwana Sosthenes

Jumatatu saa nne asubuhi Eveline alikuwa amekaa kwenye benchi la Jofrey, fundi simu wa Mbalizi, akisubiri amalizwe mama mmoja aliyedumbukiza simu kwenye ndoo ya togwa. Magotini alikuwa na simu yake na bahasha ya vyeti vya masjala alivyovitolea jasho miaka miwili chuoni Iringa. Pembeni yake alikaa mama yake, Tusekile, muuza viazi, ambaye siku hiyo hakufungua genge.

Shida yao ilikuwa hivi. Jumamosi jioni lilitoka mtandaoni tangazo la kuitwa kazini la ofisi moja ambayo hapa haitatajwa. Si kwa heshima. Jina lake linatia kinyaa mdomoni, basi. Nafasi ya msaidizi wa masjala, namba kumi na saba: Eveline Aroni Mwasile. Eveline alisoma mara tatu, akamsomea mama yake, akauacha ukurasa wazi kwenye simu. Jumatatu alipofika getini, orodha iliyobandikwa ukutani ilikuwa na Blessing Fanueli Kihwele hapo kwenye kumi na saba. Mlinzi akamwambia kama ana ushahidi, alete.

Ushahidi haukuwepo tena. Jumapili umeme ulipokatika Tusekile aliazima simu apate tochi, akakuta kurasa sitini na tatu zimeachwa wazi, akazifunga zote. Mbalizi nzima inajua kwamba kurasa zikiachwa wazi zinamaliza bando.

"Nisamehe mwanangu," Tusekile alisema kwa mara ya tano. "Nilijua nakuokolea. Zinakulaga sana."

"Simu hii mlinunua kwangu?" Jofrey aliuliza.

"Kwako."

"Basi msihofu. Zipo kwenye akaunti."

Akaunti yenyewe ilikuwa moja. Siku za gulio wateja wa Jofrey walikuwa wengi, na kila akaunti mpya ilidai tarehe ya kuzaliwa, nywila, namba ya simu na picha za kuthibitisha kwamba wewe si mashine. Jofrey alifungua moja, akawaingizia wote. Kwa miaka minne wakulima, walimu, wazee wa kanisa na maafisa wa pale mjini waliishi ndani ya nywila moja kama familia, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

"Ila ukurasa ukirudi huwa unarudi na sura ya leo," Jofrey alisema. "Ngoja nikishaingia nizime data, tuione nakala ya Jumamosi."

Kurasa zikaanza kurudi. Zilirudi za Eveline na za kila mtu. Bei ya miche ya parachichi, dawa ya kideri cha kuku, mikeka ya kubashiri, na ukurasa mmoja wa mzee wa kanisa ambao Jofrey aliufunika kwa kiganja. Zilikuwa zimekaa pamoja muda mrefu mno bila hewa, kwa hiyo zilinuka kama kitambaa cha vyombo kilichosahaulika ndani ya beseni. Kioo kikaanza kunata. Jofrey akakifuta kwa spiriti, akaendelea.

Ya arobaini na moja ilikuwa orodha. Jina la Eveline lilikuwepo, na juu yake kulikuwa na kidole.

Kilikuwa kidole cha shahada cha mwanaume, kinene, chenye ukucha mrefu uliobaki na mstari wa njano wa mchuzi kwa ndani. Kilishuka chini ya kioo, kikapanda kimelowa mate, kikasugua jina, kikashuka tena. Kilishafuta herufi mbili za mwisho, ukoo ukabaki Mwasi. Mate yalipenya kwenye kioo yakadondoka juu ya bahasha ya vyeti, nayo yalinuka supu ya utumbo. Eveline akaifuta bahasha kwa pindo la sketi.

"Hicho cha Bwana Sosthenes," Jofrey alisema. "Naye simu alichukua hapa. Alama ya kidole nilimsajilia mwenyewe, ukucha huo naujua."

Walimkuta Bwana Sosthenes, afisa wa ajira wa ofisi ile, akinywa supu na chapati mezani kwake. Alishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na vidole vinne, na pale pa kile cha shahada palikuwa laini kama kiazi kilichomenywa.

"Kamwene mama," alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene," Tusekile aliitikia, ingawa yeye ni Mnyakyusa. Adabu ni adabu hata mbele ya mtu wa namna ile.

Bwana Sosthenes akaitazama simu. "Kumbe kipo kwenu. Tangu asubuhi nasaini kwa taabu."

"Baba, mmemfuta mtoto wangu."

"Kimefuta kidole, mama. Mimi Jumapili nilikuwa ibadani, muulizeni mchungaji." Akachovya chapati. "Na Blessing ni mtoto wa dada wa mke wangu, sijaficha. Ila orodha ikishabandikwa, mama yangu, haifutikagi."

Kikao cha ofisi kilikaa siku hiyohiyo. Watu watatu waliitazama simu kwa zamu, leso puani, na hakuna aliyebisha. Iliandikwa kwenye muhtasari kwamba jina lilikuwepo, kwamba linafutwa, na kwamba kidole ni cha mhusika. Kisha kikao kikampa pole Bwana Sosthenes. Wanakwaya wenzake walifika na maua. Kuhusu orodha hakikusema kitu, kwa kuwa Blessing alishasaini.

Kilichowasumbua ni usalama wa kidole. Ukurasa ukifungwa, kimepotea. Data ikiwashwa, ukurasa utachukua sura ya leo na kidole kitakwenda na ile ya zamani. Simu ikiisha chaji, hali kadhalika. Alihitajika mtu makini, mwenye mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, wa kukaa nayo. Eveline akaandikiwa barua ya kujitolea, miezi sita, bila posho, masjala.

Alikaa na barua ile kitandani jioni nzima. Angeweza kufunga ukurasa kwa kugusa mara moja tu, na hamu alikuwa nayo, hamu ya mtu anayetaka kukanyaga mende. Lakini duniani kote jina lake lilikuwa limebaki likisomeka kama mtu aliyeajiriwa mahali pamoja tu, nalo lilikuwa chini ya kidole kile.

"Chukua mwanangu," mama yake alisema. "Wenzio si walianza hivyohivyo? Wakikuona upo, nafasi zikitoka watakukumbuka."

Akachukua. Alipewa kiti karibu na soketi, mkabala na meza ya Blessing. Blessing si mtu mbaya. Anasalimia vizuri, anagawana naye karanga, na kila mara akikwama jinsi ya kupanga majalada anamuuliza Eveline, naye anamwelekeza.

Wiki ya pili kidole kikaishiwa mate. Kikaanza kukwaruza kioo kikavu, ukucha ukapasuka, Bwana Sosthenes akapata homa, na Blessing akalalamika kwamba mlio ule unamuumiza kichwa. Tangu hapo kila asubuhi saa mbili Bwana Sosthenes hupita masjala kabla ya chai, hutemea kwenye kifuniko cha soda, hukiweka mezani na kusema, "Asante mwanangu, Mungu akubariki." Povu huwa bado linachezacheza.

Ijumaa, jina la baba na la ukoo yalikuwa yamekwisha, na la kwake lilibaki Eve. Kidole kilipanda, kikasimama kikisubiri. Eveline aliziba pua kwa mkono wa kushoto, akachovya pamba kwenye kifuniko, akakidondoshea.