Koti la Shahidi

Haya aliniambia Wachuka mwenyewe, mwaka wa sitini na moja, tukipukuchua mahindi kwake Njoro. Alikuwa mtu wa kucheka sana, lakini siku hiyo hakucheka.

Miaka mitano nyuma, Wachuka ndiye aliyeshika kikundi cha michezo ya kuigiza pale Nakuru, lokesheni, mtaa wa Waafrika. Walikuwa wakiigiza kwenye ukumbi wa mabati, Jumapili mchana, maana siku zile za hali ya hatari jioni ilikuwa marufuku kutembea. Sasa mzungu aliyesimamia ukumbi, Bwana Ustawi walivyomwita, akasema mchezo wao hauna faida, haujulikani na mtu.

"Mwezi ukiisha sijawasoma kwenye gazeti, ukumbi unakuwa stoo ya saruji."

Basi. Ukumbi ukienda, kikundi kimekufa.

Wachuka akaandika barua tatu Nairobi, kwa wenye gazeti. Kimya. Ya nne akampa Kiprugut, mwigizaji wake aliyekuwa mpakizi stesheni, naye akampa gadi wa treni mkononi. Jumapili iliyofuata akashuka mwandishi, Saad, kijana wa Mombasa, viatu vinang'aa mpaka vumbi letu lilipomlaki.

"Mko wangapi, dada?" akauliza, kalamu tayari.

"Tumetosha."

"Gazeti haliandiki 'tumetosha'. Lataka hesabu."

Wachuka alijua. Kwao Wakikuyu watu hawahesabiwi. Hata mbuzi, mwenyewe huwajua kwa rangi zao, hawanyooshei kidole. Lakini aliona ile saruji mbele ya macho. Akanyoosha kidole, mmoja, wawili, mpaka akajigusa kifua mwenyewe: kumi.

Wangeci, mama mzee aliyetunza nguo za mchezo, akajitemea mate kifuani kufukuza mkosi. "Wewe umezaliwa nyumba gani? Atakayesikia hesabu naye atataka kuhesabiwa."

"Nani tena, nyanya?" Kiprugut akacheka. "Kuna mtu tumemsahau?"

Kisha kicheko kikamkatika. Kwani waliyemsahau alikuwepo. Mchezo wao ulikuwa wa kesi ya ng'ombe aliyeibwa, na Kinyanjui ndiye alikuwa shahidi anayeingia mwisho. Mwezi wa nne kichomi kikamshika, akafia kwao Rongai, na kwa mambo ya pasi za kusafiria hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kwenda kumzika. Sehemu yake wakaifuta. Koti lake la kahawia likabaki kwenye msumari, nyuma ya pazia.

Wakaigiza. Hakukutokea kitu. Saad akapanda treni yake.

Alhamisi gazeti likafika, Kiprugut akawasomea. Sifa tupu! Wachuka akapiga vigelegele. Halafu sauti ya Kiprugut ikaanza kwenda polepole:

"'Ni kikundi cha watu kumi na mmoja. Aliyenigusa zaidi ni shahidi wa mwisho, bwana mrefu mwenye koti la kahawia lililokatika kifungo. Alisema maneno matatu tu: Hata mimi nilikuwepo.'"

Kiprugut akakunja gazeti. "Huyu alikuwa amelewa."

"Saad hanywi," Wachuka akasema.

Wangeci akafungua fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na kifungo cha kahawia. "Kilidondoka siku ile ya mwisho ya Kinyanjui jukwaani. Sijamwonyesha mtu."

Bwana Ustawi naye alikuwa amesoma. Akaja na gazeti kwapani. "Jumapili nakuja mwenyewe. Nataka kumwona huyu shahidi. Nisipomwona, basi mmelidanganya gazeti, na saruji inaingia Jumatatu."

"Rahisi," Kiprugut akasema alipoondoka. "Mimi nitavaa koti."

Akalitoa msumarini, akatia mkono mmoja, akauchomoa upesi. Alirudisha koti pale pale, akijipangusa mkono kwenye suruali.

"Lina joto," akasema. "Kama limevuliwa sasa hivi."

"Mwachieni," Wangeci akasema. "Aliyehesabiwa ana nafasi yake."

Wachuka alikonda wiki ile. Lakini sehemu ya Kinyanjui akairudisha, na hakumpa mtu.

Jumapili, kesi ilipofika mwisho, hakimu wa mchezo akauliza: "Kuna shahidi mwingine?"

Wote wakatazama mlango. Wachuka alisikia upepo wa ziwani ukikwaruza mabati, basi. Kisha akamtazama Bwana Ustawi. Macho ya yule mzungu yalitoka mlangoni, yakaja taratibu mpaka katikati ya jukwaa, yakasimama, yakapanda juu kama ya mtu anayemtazama mrefu. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akapiga makofi.

Mwishoni akawapa mkono mmoja mmoja. Wachuka alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alipomwachia, mkono wa Bwana Ustawi ukampita, ukashika hewa kando ya bega lake, ukaitikisa.

"Wewe hasa, bwana," akasema. Akamgeukia Wachuka, akampa ufunguo. "Ukumbi ni wenu. Lakini kila nikija nataka kuwaona wote kumi na mmoja."

Kabla ya saa kumi na mbili wakafunga. Wangeci alitoa sindano, akashona kile kifungo kwenye koti. Wachuka akaligusa. Lilikuwa baridi sasa, kama koti lolote.

Wanawake hao wawili walikuwa wakiishi chumba kimoja. Wangeci alilala mara moja, akakoroma. Wachuka alilala chali, ufunguo chini ya mto, na midomo yake ikaanza yenyewe: mmoja, wawili, watatu... Akaiuma. Akageukia mlango, akasema polepole, kama anayemkaribisha mtu na kumkomesha hapo hapo:

"Tumetosha."

Akangoja. Hakuna aliyejibu. Usingizi ukamchukua.