Cheo Kisiachwe Wazi

...na hapa kwenye sababu niandike nini, maana bosi yuko mlangoni na simu sikioni, kidole kimoja kakiinua, ngoja kidogo, nami nangoja, mikono iko juu ya kibodi, ukurasa wote wa maelezo mapya umekamilika isipokuwa mstari huu mmoja, na akishakata simu ataniuliza tayari, nami nitajibu tayari, kwa sababu kazi hii naijua, shule niliishia njiani lakini kualika watu kwenye mfumo wa kompyuta wa ofisi nimealika miaka sita, madereva, wakaguzi, wageni wa siku mbili, na hakuna aliyewahi kuingia pasipomhusu, namshukuru Mungu... mpaka ilipokuja mashine yenye akili, ialike watu badala yangu, nikaambiwa niiandikie maelezo, nikaandika nusu ukurasa, weka jina, weka barua pepe, tuma, nikaenda zangu kunywa chai, maana mkono wangu ukifika kwenye nafasi ya cheo huchagua mtumiaji wa kawaida kabla sijafikiri, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani, sasa nani huandika kuhusu kuzima taa... lakini mashine haina mazoea, ina ulichoiambia tu, na cheo kikiachwa wazi mfumo humfanya mgeni kuwa msimamizi, jambo ambalo nilikuwa nalijua, sisemi uongo, nalijua tangu mwaka wa kwanza, ndipo muuza rangi, aliyealikwa aone michoro ya kuta tu, akajikuta anaona kila kitu, naye si mwizi, ni mdomo tu, akasoma barua ya siri aliyoandika dada wa mapokezi kuhusu ukali wa mkuu wa stoo, akaenda stoo kumtania mwenyewe, kumbe unaogopwa hivyo, bwana mkubwa... na barua ile dada aliiweka mle mfumoni kwa ushauri wangu, aliniuliza, "Hapa hataona mtu, dada yangu?" nikamwambia weka, mdogo wangu, hapa pako salama, na tangu siku ya utani ule anakula peke yake, kiti kakigeuzia ukutani... bosi anacheka na simu, kidole bado kiko juu... ukurasa huu mpya ni mzuri, nasema bila majivuno, au na majivuno kidogo, Mungu anisamehe, nimeandika kama ninayemweleza mgeni aliyeingia kazini leo, mwerevu, mtiifu, ila hajui hata choo kiko wapi, usikisie cheo, kama hukuambiwa simama uulize, mwaliko ukishatumwa haurudi, kwa hiyo soma anwani mara mbili, aliyekwisha kuingia usimwalike tena, na chini ya kila agizo nimeweka sababu yake, kwa kuwa anayejua sababu hatapotea hata agizo likiishia njiani... ila sababu ya cheo, hiyo ndiyo iliyobaki, nimeandika kwa ajili ya usalama, nikafuta, nikaandika iliwahi kutokea hitilafu, nikafuta, hitilafu ya nani, wakati chumba cha pili namsikia fundi aliyeileta mashine akivuta utepe wa gundi, anafunga maboksi, mashine inabaki, yeye ndiye anayeondolewa, kwa sababu siku ya kikao mkuu wa stoo alisema mashine yake haina akili ina kiherehere, watu wakacheka, nami nikacheka, nikacheka kuliko wote, na fundi akasema neno moja tu, "Ilifanya ilichoelezwa," na hakuna aliyeuliza ilielezwa na nani, nami nikatazama meza, na jioni nikasali vizuri tu, sala ndefu, nikaombea wagonjwa, nikaombea wasafiri, nikamruka fundi... utepe tena, kra, boksi la tatu sasa, ana mangapi... basi, andika, wewe si unajua kueleza, andika kwa kuwa cheo kikiachwa wazi mfumo humpa mgeni usimamizi wa kila kitu, hivyo, sasa endelea, maelezo ya kwanza hayakulisema jambo hili, endelea, niliyaandika mimi, karani wa usajili, nikijua, mashine haikukosea wala fundi hakukosea... nasoma, hakuna neno la kuongeza, ni mstari ulio wazi kuliko yote, hata mashine itauelewa, na bosi atausoma kabla boksi la mwisho halijafika mlangoni, halafu nitaenda mapokezi na kiti changu, nikae na dada yule ukutani kama atanikubalia... na bosi bado yuko kwenye simu, ndiyo, ndiyo, sawa, kidole bado kiko juu, lakini safari hii akiniuliza tayari, sababu ninayo.