Dawa Kwenye Mchanga wa Kigongo

Muganyizi alikuwa mwalimu wa kilimo hadi alipostaafu, na shamba lake la Kisesa lilikuwa jeusi kwa samadi aliyolimwagia miaka nenda rudi. Udongo wa namna ile huinasa dawa ya magugu na kuing'ang'ania, ikabaki kidogo tu ya kufanya kazi. Kwa hiyo alizoea kuizidisha kwenye bomba, na mazao yake hayakupata kudhurika.

Dada yake, Prudencia, aliishi Kigongo. Alikuwa akiwapikia abiria waliosubiri kivuko. Daraja lilipofunguliwa, wateja wakakatika, akageukia kipande chake cha ardhi kando ya ziwa. Msimu ule alipanda maharage ya marehemu mama yao, punje ndogo za zambarau alizokuja nazo kutoka Kagera. Mgongo ulimsumbua, palizi hangeiweza. Akampigia simu mdogo wake.

Muganyizi alifika na bomba lake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Muga. Mbegu nimeshaifukia yote, sikubakiza hata punje. Hiyo dawa haitaiharibu?"

"Ondoa wasiwasi. Kwangu naipiga kila msimu. Inazuia magugu tu."

Akapima kama anavyopima Kisesa, akapiga shamba zima. Hakuinama kushika udongo. Jioni mvua kubwa ikanyesha.

Maharage yaliota, kisha majani yakaanza kugeuka manjano pembeni, yakakauka, mashina yakalala. Prudencia alipomwita, Muganyizi alichota konzi ya udongo, ukamchuruzika vidoleni. Mchanga mtupu. Hapakuwa na mboji ya kuishika dawa. Mvua ilikuwa imeishusha yote mpaka kwenye mizizi. Jambo hilo alikuwa amelifundisha darasani mwaka hata mwaka, chaki mkononi.

"Nadhani mbegu ilikuwa imezeeka," Prudencia alisema. "Nami niliikalia mno."

Njia ya kunyamaza ilikuwa wazi mbele ya Muganyizi, na kwa kitambo aliitamani.

"Siyo mbegu, dada. Ni mimi. Nimepiga dawa kwa kipimo cha udongo wangu kwenye mchanga wako."

Prudencia aliyatazama matuta.

"Nilikuuliza, Muga."

"Uliniuliza."

"Ningepalilia kwa mikono. Ningechukua hata mwezi mzima, lakini ningepalilia."

Hakupandisha sauti. Alimwandalia chakula kama kawaida, akamwekea maji ya kunawa, ila yeye mwenyewe hakuketi kula.

Muganyizi alitafuta mbegu ile kila alikodhani ipo. Alimpigia binamu yao Rachel, akawapigia majirani wa zamani kule kijijini. Wote walikuwa wamehamia kwenye maharage ya dukani yanayokomaa upesi. Rachel alicheka kwanza, akidhani anatania, kisha alipomsikia akiuliza tena akamwambia, "Pole, kaka. Tulijua Prudencia anazo."

Mvua zilizofuata alipeleka samadi Kigongo, akaichanganya na mchanga kwa jembe, tuta kwa tuta. Prudencia akapanda viazi vitamu, vikakubali. Walizungumza mengi wakifanya kazi: wajukuu, bei ya dagaa, magari yanayopita juu ya daraja bila kusimama. Kuhusu maharage, Prudencia hakutamka neno. Muganyizi aliona heri angemgombeza.