Ubaldo Aliitwa Barazani

Skolastika alifika Mpanda Jumapili jioni, siku ya tatu tangu atoke Majimoto, viatu vyake vikiwa kichwani juu ya mzigo ili visichakae njiani. Ilikuwa Juni mwaka 1955, na hii ilikuwa safari yake ya tatu kwa shauri lile lile. Alifikia Majengo kwa Getrude, mjane aliyezaliwa naye kijiji kimoja. Akanawa miguu, wakala ugali kwa mlenda, wakalala.

Shauri lilikuwa la shamba la mpunga. Mume wa Skolastika alilifyeka mwenyewe, na alipofariki, mdogo wake Krispini, aliyekuwa akifanya kazi mgodini Mpanda, akalichukua, akamweka mkewe Juliana alilime.

"Shemeji, wewe huna mtoto," Krispini alisema. "Shamba litamlisha nani?"

Skolastika, ambaye shamba lilikuwa likimlisha yeye, akaenda barazani Mpanda kushtaki.

Katika safari ya kwanza, tarishi alipeleka samansi mgodini akarudi nayo. Alisema hakuna Krispini kule. Mtu aliyeonyeshwa alikuwa na kipande, kadi ya kazi ya mgodi, kilichoandikwa Ubaldo.

Ubaldo alikuwa mume wa Getrude. Alikufa miaka minne nyuma, mwamba ulipomwangukia chini ya ardhi. Asubuhi baada ya maziko nyapara aliita majina kama kawaida, akafika kwa Ubaldo, na Krispini, ambaye alikuwa amekaa getini wiki mbili akitafuta kazi, akaitika. Nyapara alikuwa na jina na alikuwa na mtu. Hakuona la kuuliza zaidi.

Katika safari ya pili, karani Evarist alimpa Skolastika ushauri. "Mama, kama mtu anajiita Ubaldo, mshtaki Ubaldo. Baraza haliwezi kumhukumu mtu ambaye hayupo." Skolastika akabonyeza kidole kwenye karatasi mpya.

Jumatatu hiyo, saa tatu asubuhi, tarishi alisimama mlangoni pa baraza akaita, "Ubaldo!" Akaita mara tatu, na Ubaldo akaja. Alitokea upande wa makaburi ya misheni, amevaa shati la kaki alilozikwa nalo, udongo mwekundu kwenye nywele. Akapiga hodi, akasalimia, akasimama mahali pa mdaiwa.

Getrude, aliyekuwa amemsindikiza mgeni wake, alimtazama shati. "Si ungepita nyumbani nikufulie," alisema.

"Nimeitwa saa tatu, mama Felista," Ubaldo akajibu. "Sikutaka kuchelewa."

Krispini naye alikuwepo, benchi la nyuma, kipande mfukoni. Alikuwa amekuja kusikiliza.

Hakimu Telesphor alikuwa mtu mwangalifu. Alisoma samansi mara mbili. "Baraza lina shaka juu ya mdaiwa," alisema. "Huyu ana jina. Yule wa nyuma ana kipande cha jina. Wewe uliyesimama, ulilima shamba la Majimoto?"

"Sikulima, bwana hakimu. Nilikuwa nimekufa."

Karani akaandika.

"Lakini jina ni lako?"

"Ni langu. Nilibatizwa nalo."

Hakimu akamuuliza Krispini ana neno gani. Krispini akasimama kwa heshima. "Mwenye jina amekuja mwenyewe, bwana hakimu. Mimi ni nani nimsemee?" Akakaa.

Hakimu akamgeukia Skolastika. "Mama, anayedai ni wewe. Ukisema si huyu, nafuta shauri, utafungua jingine baada ya mvua. Ukisema ndiye, nahukumu leo."

Skolastika alimjua Ubaldo vizuri. Ubaldo ndiye aliyekuja kumsaidia mume wake kung'oa visiki katika shamba lile lile, siku kumi, bila kutaka kitu zaidi ya chakula. Akafikiria baada ya mvua. Akafikiria siku tatu za kurudi na tatu za kuja tena, na magoti yake. Getrude alikuwa akimtazama, akitikisa kichwa taratibu.

"Ndiye," Skolastika akasema.

Hukumu ikatoka kabla ya adhuhuri: Ubaldo atoke katika shamba la Majimoto, amwachie mdai. Ubaldo hakukata rufaa. Getrude alimrudishia Skolastika mzigo wake nje ya baraza. "Maisha yake yote hakuwahi kushtakiwa," alisema, akaenda nyumbani peke yake.

Walitembea siku tatu, Skolastika, Ubaldo na tarishi. Ubaldo hakula wala hakuchoka, na mzigo wa Skolastika aliubeba yeye. Kwa kuwa hakuwa ndani ya shamba, ilimbidi kwanza aingie ndipo apate kutoka. Akaingia katikati ya mpunga ulioiva, akasimama kidogo, akatoka. Tarishi akaandika: mdaiwa ametoka.

Krispini alikuwa ametangulia kwa lori. Alikuwa akivuna na mkewe.

"Na wewe je?" Skolastika akamuuliza.

"Aliyeamriwa kutoka ametoka, shemeji," Krispini akasema. "Mimi sijaamriwa kitu."

Tarishi akakubali kwamba ndivyo ilivyo. Akaeleza pia kwamba jalada haliwezi kufungwa mpaka mdai awe ndani ya shamba, na jalada likiwa wazi mdaiwa haruhusiwi kurudi alikotoka. Alikuwa na samansi nyingine za kupeleka. Angepita tena Jumamosi.

Ubaldo akakaa kwenye tuta la shamba. Alikaa mchana kutwa juani, na usiku ulipoingia alikuwa bado amekaa. Watoto waliokuwa wakifukuza ndege walimsalimia wakapita. Kesho yake Skolastika alikwenda kukaa karibu naye.

"Nilijua si wewe," alisema.

"Najua. Ulikuwa umechoka."

"Mbona hukukataa?"

"Ningekataa jina langu, ningebaki na nini?" Akageuka kutazama upande wa Mpanda. "Kule nimeacha shimo wazi. Mvua zikianza litajaa."

Skolastika akaomba msamaha, na Ubaldo akamsamehe upesi mno, kama mtu anayerudisha jembe la jirani, na hilo likamuuma zaidi kuliko kama angemtukana.

Ijumaa Juliana alimwendea Skolastika nyumbani. Mpunga ulikuwa mwingi na Krispini alikuwa amerudi mgodini, ambako nyapara alikuwa akiita Ubaldo kila asubuhi. Alitaka mkono wa kumsaidia, ujira ni vikapu viwili. Alisema kwa aibu, akiangalia chini. Skolastika alikuwa hana akiba ndani. Tena alikuwa amemfikiria yule aliyekaa juani. Akachukua kisu chake.

Jumamosi tarishi alimkuta ameinama kati ya mashuke, kikapu cha Juliana mgongoni.

"Mama, umo shambani?"

Skolastika alitazama kwenye tuta. Ubaldo alikuwa ameshasimama, akijikung'uta udongo.

"Nimo," alisema.

Akabonyeza kidole. Tarishi akaandika kwamba mdai yumo shambani, akalifunga jalada kwa kamba. Ubaldo akawaaga wote kwa majina, akashika njia ya Mpanda.

"Dada," Juliana akaita kutoka upande wa pili, "huku bado hatujagusa."

Skolastika akaenda.