Magari Yaliyorudi Kiwandani

Jumatatu ile gari la kwanza liliporudi, Komeo alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa kibanda cha mlinzi, anabadilisha bawaba. Ya chini ilikuwa imeliwa na kutu, na mlango ulikwaruza sakafu kila ulipofunguliwa, mpaka mlinzi akachoka akawa anatokea dirishani. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, lakini tangu kiwanda kifungwe Komeo hakuwa mtu wa kuchagua kazi. Miaka yote aliyokuwa ndani ya geti lile alifunga milango ya magari, na jina lake alilipatia huko. Siku hizi alifunga ya makabati, ya mabanda ya kuku na ya vyoo.

Gari lilikuja taratibu, dogo, la kijani. Likawasha indiketa ya kushoto, likakata kona, likasimama mbele ya geti. Ndani hakukuwa na mtu.

"Hili nalo linataka nini?" mlinzi akauliza.

Komeo akajifuta mikono kwenye suruali, akalizunguka. Akafungua mlango wa dereva, akaufunga, akatega sikio.

"Ni letu," akasema. "Limetengenezwa hapa."

"Basi lipite."

Mlinzi akafungua geti. Gari likaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya uwanja, pale ambapo zamani magari mapya yalipangwa kungoja wanunuzi, likajizima. Mwenye gari, mama mmoja fundi cherehani, alifika mchana kwa basi. Hakuwa na hasira. Alisema alikuwa anaanika nguo, akaliona linatoka, akadhani mumewe ndiye anayeondoka nalo. Akawashukuru kwa kulitunza, akaliendesha kurudi nyumbani. Kesho yake likarudi tena, na safari hiyo lilikuja na mengine mawili.

Haukupita muda uwanja ukajaa. Zilikuja pikapu za wakulima, moja ikiwa na mbuzi nyuma. Likaja gari la wagonjwa, likaja basi dogo la shule, mifuko ya vitabu imesahaulika chini ya viti. Teksi moja ilifika na abiria wake, ambaye alikuwa anaenda uwanja wa ndege. Akashuka, akauliza kituo cha basi kiko wapi, akaonyeshwa. Redio ikawashauri wenye magari ya kiwanda kile wayafunge minyororo usiku, kisha ikaendelea na habari za mpira. Minyororo haikusaidia. Magari yalikuja nayo, yakiiburuza lami nzima.

Watu waliofanya kazi kiwandani nao wakaanza kupita pale getini kuyatazama. Walisimama nje ya uzio, wanaelekezana kwa vidole: lile nilifunga mimi taa zake, lile ndilo lililotutoa jasho kwa sababu ya giaboksi. Mama Rangi, ambaye hakuna gari lililotoka mle bila kupita mkononi mwake na bomba lake la kupulizia rangi, alikuja kila siku. Alisimama upande wake, Komeo akasimama upande wake. Komeo alimwamkia, na yeye hakuitika.

Alikuwa na haki ya kununa. Kiwanda kilikufa hivi.

Mwaka wa mwisho oda zilipungua, na mji ukajaa magari ya mitumba yaliyoshushwa bandarini kama mahindi. Wafanyakazi wakaanza kunong'ona. Ndipo Mwenyekiti wa chama chao akapanda juu ya meza ya kantini akawaambia waache uoga. Mitambo mipya iko njiani, alisema, ya kisasa, na ya zamani inatakiwa ipishe nafasi. Wenye kiwanda wameomba jambo moja tu: wafanyakazi wenyewe waifungue ile ya zamani, kwa sababu wao ndio wanaoijua, waipange kwenye makasha ya mbao, halafu wakapumzike nyumbani mpaka waitwe.

Mama Rangi peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. "Na isipokuja hiyo mipya?"

Komeo akamjibu kabla Mwenyekiti hajafungua kinywa. "Mama, huyu ni shemeji yangu. Kamuoa mdogo wangu, tunakula sahani moja. Akisema inakuja, inakuja. Isipokuja, nidaini mimi."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti akavua shati, akashika spana, akaanzisha wimbo. Alikuwa na sauti nzuri, ya kumwinua mgonjwa kitandani. Wakafungua mitambo yao kwa wimbo huo, boliti kwa boliti, wakaipaka grisi isishike kutu safarini, wakaipanga kwenye makasha kama watu wanaofunga zawadi. Kwa vipuri vilivyobaki wakaunda gari moja la mwisho, jeupe, ambalo wenye kiwanda walisema litakaa mlangoni ndani ya chumba cha kioo, kumbukumbu ya enzi iliyopita. Komeo alifunga milango yake siku nzima, yeye ambaye kwa kawaida mlango humchukua muda wa kuvuta sigara moja.

Makasha yakaondoka. Mitambo mipya haikuja. Geti likafungwa, na gari jeupe likapotea, hakuna aliyejua limekwenda wapi. Mwenyekiti alihangaika kama wenzake, au ndivyo walivyodhani. Kila Jumapili alikuja na mkewe kwa Komeo, wakala, naye akasukuma sahani na kushika tama. "Wametumaliza, shemeji," alikuwa akisema. "Wametuvua nguo mchana kweupe." Mke wa Komeo alimwongezea mchuzi kwa huruma.

Sasa, asubuhi moja magari yakiwa yamejaa mpaka barabarani, likaja lingine kutoka upande wa mjini. Kwa mbali lilikuwa jeusi. Lilivyosogea ule weusi ukawa unabanduka, unaanguka barabarani vipande vipande kama masizi ya sufuria, na lilipofika getini lilikuwa jeupe pee. Likapiga honi. Ndani, nyuma ya usukani, alikaa Mwenyekiti, amevaa suti na tai, mkoba uko mapajani.

Mlinzi akafungua geti. Gari likaingia, likasimama katikati ya uwanja mbele ya watu wote, likajizima.

Mwenyekiti akavuta kitasa. Mlango haukufunguka. Akajaribu wa pili, akajaribu ya nyuma, akajaribu kushusha kioo, kikashuka kiasi cha kupitisha vidole kikagoma.

Mama Rangi akaja, akapitisha kidole kwenye boneti. Kipande cha rangi nyeusi kikadondoka. "Hii nyeupe ni yangu," akasema. "Niliipiga mikono mitatu. Hii nyeusi simjui aliyeipaka, lakini hakupiga msasa kwanza."

Komeo akasogea mpaka dirishani.

"Shemeji," Mwenyekiti akasema kupitia ule upenyo, "nifungulie."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

Mwenyekiti akalegeza tai. Jua lilikuwa limeshapanda na jasho lilianza kumtoka puani. "Kwa hawa wa mitumba. Wamenunua hiki kiwanja. Wanataka kuuzia magari yao hapa."

"Tangu lini uko nao?"

"Ni muda."

"Jumapili zote ulizolia mezani kwangu, ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

Watu hawakupiga kelele. Walisogea karibu wasikie vizuri, na mmoja akamwomba mwenye pikapu yenye mbuzi amnyamazishe mbuzi wake.

"Ulijua lini kwamba mitambo haiji?" Komeo akauliza.

"Shemeji, joto."

"Lini?"

"Kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla hatujafungua boliti ya kwanza." Mwenyekiti akaegemeza paji la uso kwenye kioo. "Walishaamua. Ningekataa wangemtafuta mwingine, si unajua? Wakasema gari hili litakuwa asante yangu. Nikaona angalau nyumba moja katika ukoo isimame."

Kuna jambo moja lilikuwa linamkwaruza Komeo, na hata yeye alishangaa kuona kwamba, kati ya yote, ndilo aliloliuliza.

"Na ule wimbo?"

"Wimbo gani?"

"Uliotuanzishia."

"Ah." Mwenyekiti akafuta jasho kwa ncha ya tai. "Bila wimbo kazi ingekwenda polepole."

Wakati huo mdogo wake Komeo, mke wa Mwenyekiti, alikuwa ameshuka kwenye basi na anakuja mbio, kiatu kimoja mkononi. Gari lilikuwa limempita njiani, mumewe yumo ndani anamwita, naye akalifuata. Watu wakampisha.

"Kaka, mfungulie. Ataiva humo ndani."

Komeo akamtazama. Huyu alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, akamfundisha kuendesha baiskeli, akasimama kwa niaba ya baba yao siku ya kumwoza.

"Wewe ulijua?"

Mdogo wake akainama kuvaa kile kiatu. Alichukua muda mrefu kukifunga, na alipoinuka alilitazama tairi la mbele.

"Mfungulie, kaka," akasema.

Komeo alijua namna ya kuufungua. Mlango alioufunga yeye ukigoma, unaupiga kofi moja chini ya kitasa huku umeuinua kidogo kwa goti. Aliweka mkono hapo, akauacha uko hapo, na bati lilikuwa la moto. Mama Rangi alikuwa anamtazama. Wote walikuwa wanamtazama. Wangeweza kusimama pale mpaka jioni na hakuna ambaye angewalaumu. Ndani, Mwenyekiti alikuwa ameanza kuhema kwa mdomo.

Komeo akapiga kofi. Mlango ukafunguka.

Mwenyekiti akatoka, akakung'uta koti, akawasalimu watu kwa kichwa. "Asante, shemeji," akasema. Kisha akauliza saa, akaambiwa, akasema amechelewa, akatoka getini na mkewe kutafuta teksi. Hakuna aliyemgusa. Walikuwa wamejiandaa kwa uongo, na ukweli uliposemwa kirahisi namna ile haukuwaachia pa kushika.

Walikwenda ofisi ya kazi, Komeo na Mama Rangi na wengine wachache. Ofisa aliwasikiliza vizuri, akaagiza viti viongezwe. Akauliza kama kuna mtu aliyewalazimisha kufungua mitambo. Wakasema hakuna. Akauliza kama kuna mtu aliyewashika mikono. Wakasema hakuna, walikuwa wanaimba. Ofisa akafunga faili, akasema basi ni hiari, na hiari haina kesi. Walipokuwa wanatoka akamvuta Komeo pembeni, akamwuliza kama anajua dawa ya gari linalotoroka, maana lake nalo lilikuwa uwanjani tangu wiki iliyopita.

Juma lililofuata Mwenyekiti akahamia ghorofani, kwenye ofisi ya zamani ya meneja, na watu wakaanza kumwita Meneja. Hakuhitaji tena kujificha, na alionekana kunenepa kwa hilo. Magari ya mitumba yakaletwa, yakapangwa upande wa mbele. Wenye magari yaliyorudi wakachoka kuyafuata, wengi wakanunua mengine palepale, kwa Meneja, kwa kuwa walikuwa wameshafika.

Ndipo yale yaliyorudi yakaanza kwenda kuwachukua wafanyakazi. Alfajiri yalitoka getini, moja moja, yakaingia mitaani, na kila moja likasimama mbele ya nyumba ya mtu, mlango wazi. Wazee ndio waliotangulia kupanda. Walipelekwa kiwandani, wakakaa ndani ya magari uwanjani zamu nzima, na jioni wakarudishwa. Wake zao waliwafungia chakula kama zamani. Mama Rangi alipanda siku ya pili, amevaa bwelasuti yake iliyopigwa pasi.

Komeo alikataa. Kila asubuhi pikapu moja ya bluu ilisimama mlangoni kwake, naye akaipita, vifaa begani, kwenda kwenye milango ya watu. Kazi zenyewe zikazidi kupungua, maana waliokuwa wakimpa kazi nao walikuwa watu wa kiwandani.

"Gari lako limefika," mkewe akamwambia asubuhi moja ambayo hakuwa na mlango wa kwenda kufunga.

"Sina kazi huko."

"Wala hapa huna. Na linaziba njia."

Komeo akamaliza chai, akavaa viatu, akapanda. Pikapu ikamchukua taratibu, ikimsubiri kila mtu avuke, ikampeleka mpaka uwanjani ikasimama kando ya Mama Rangi. Mama Rangi alikuwa anafuma sweta. Aliteremsha kioo chake.

"Umeamkaje?" akasema.

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Wakakaa. Wengine walisinzia, wengine walicheza karata kupitia madirishani. Kabla ya saa sita Meneja akashuka ngazi, mikono nyuma, akaja mpaka kwenye pikapu, akainama dirishani. Alinukia vizuri.

"Shemeji, karibu," akasema. "Kuna mteja analeta familia kuchagua gari, na nafasi imebana. Waombe wenzako msogee kidogo upande wa ukuta."

Aliomba kwa adabu, kwa sauti ileile nzuri. Komeo akafungua kinywa kumjibu, lakini hakufika kusema neno. Magari yaliwaka yote kwa pamoja, yakarudi nyuma kwa mpangilio, yakageuka, yakaenda kujibana ukutani mpaka milango ya upande mmoja haikuweza kufunguka, na wafanyakazi wakiwa ndani, kila mtu anatazama mbele. Komeo alikuwa ameuweka mkono kwenye usukani. Akauondoa, maana haukuhitajika.