Darasa la Mtu Mmoja

"La force égale masse fois accélé…" anasema Profesa Ruphin, mwalimu wa fizikia, kisha ananyamaza na kuinua chaki, akingoja darasa zima limalizie neno.

"…ration!" namalizia mimi, kwa sauti ya kuaibisha. Darasa zima ni mimi, Syntiche.

Walimu wa shule yetu hapa Katuba ndivyo wanavyofundisha fomula, kama hii ya nguvu, tungamo na mchapuko, zote kwa Kifaransa. Mwalimu anaanza, wanafunzi hamsini wanamalizia, na fomula inakuingia kichwani utake usitake. Lakini hao hamsini ni wa biochimie, mchepuo wa biolojia na kemia, ng'ambo ya ukuta. Sisi wa math-physique, hesabu na fizikia, tulianza wanne tu. Kangwa akahamia Sakania na baba yake wa reli. Doudou akabadili shule. Elisée, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, akavuka ukuta, eti huko Exétat, ule mtihani wa serikali, unapita kwa urahisi. Kufa na kuzikana! Hata kunipungia mkono hakunipungia.

Nikabaki na ukaidi wangu. Nataka kwenda Polytechnique, chuo cha wahandisi, nijenge madaraja, na huko hawakuulizi panzi ana miguu mingapi.

Lakini ilikuwa ngumu. Profesa akiuliza nani aje ubaoni, anatazama kwanza madawati yote, mpaka ya nyuma kabisa, ndipo ananiona. Nikikosea, hakuna wa kunicheka. Sikujua kwamba mtu anaweza kutamani kuchekwa.

Siku moja Préfet, mkuu wa shule, akaniita ofisini.

"Hii option ya math-physique tutaifunga," akasema. "Kuanzia kesho utakaa mu biochimie, pamoya na benzako."

"Juu ya nini, Préfet? Prof iko, miye niko."

"Prof mwenyewe njo alilomba vile."

Ruphin mwenyewe ndiye aliyeomba! Nilitoka bila kuaga. Nilimkuta Ruphin anafuta ubao, na hasira ilinifanya nisahau hata kumwamkia.

"Prof, nilikukosea nini?"

"Haukukosa kintu, mwana." Hakugeuka. "Tangu muke wangu alikufaka, ku nyumba niko miye tu. Nikikuya huku, nauliza, ni sauti moya tu inaitika. Ukiitika, nasikia sawa vile ningali ku nyumba. Siwezi tena. Unisamehe."

Nilitaka kumkasirikia zaidi, hasira ikagoma. Muda wote huo nilidhani anayeumia mle ndani ni mimi tu.

"Sawa, Prof," nikasema. "Weye uende. Miye nabakia."

Sasa aligeuka. "Utajifunza na nani?"

"Na buku," nikasema, nikiinua kitabu changu.

Préfet alifoka, mwishowe akachoka. Niandikishwe math-physique kama ninavyotaka, akasema, ila mwalimu wa fizikia sina, na nikianguka nisimlilie. Saa za Ruphin zikahamia biochimie.

Siku hizi namsikia kupitia ukuta. Anakata neno katikati, na wale hamsini wanalimalizia kwa kishindo mpaka mabati yanatetema. Sauti yake imepata nguvu tena. Namfurahia kwa moyo wote, na machozi yananitoka papo hapo.

Jana nilifanya zoezi la jiwe linalorushwa juu: unapewa kasi, utafute litafika juu kiasi gani kabla ya kuanza kurudi. Fomula nilizijua zote. Nilijaza ubao mzima, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, na jibu likatoka mita kumi na mbili. Nikarudi nyuma, nikalitazama. Nikasogea karibu, nikalitazama tena. Pengine lilikuwa sahihi. Pengine nilipoteza alama ya kutoa mahali fulani nikaendelea mbele na kosa langu. Kitabu chetu hakina majibu. Nilimtaka mtu mmoja tu, hata Elisée, hata adui, apite mlangoni aniambie kweli au si kweli.

Kengele ilipolia nilichukua chaki nyekundu, nikaandika chini ya jibu, kama wanavyoandika walimu: juste, yaani sahihi. Kisha nikalifuta neno hilo kwa kiganja, maana sikujua.